Nani Abebe Pancha?

Siku hizi ukipata pancha Nairobi, si lazima utoke ofisini. Unapiga simu, fundi anakujibu, "Nitumie lokesheni, boss," na baada ya muda anaingia na bodaboda, kompresa ndogo imefungwa nyuma kwa mpira. Mitandaoni huduma hii inatangazwa kama jambo jipya. Si jipya hivyo. Tangu tairi la upepo lianze, swali limekuwa lilelile: likitoboka, tabu yake abebe nani?

Kabla ya hapo gurudumu lilikuwa la mbao na chuma, ama la mpira mgumu, na aliyeumia ni abiria, mgongoni. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alisajili tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye kibaiskeli cha mwanawe. (Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amelisajili miaka ya 1840, watu wakamsahau.) Baiskeli zikawa laini, na Ulaya na Marekani zikataka mpira kwa pupa. Jirani zetu wa Kongo ndio walioulipia ulaini huo. Chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta kutoka msituni. Waliopungukiwa walichapwa, wake zao wakashikwa mateka, na kuna waliokatwa mikono. Ilikuwa hivyo hadi 1908 alipopokonywa koloni lake. Ukisimulia historia ya tairi bila Kongo, umesimulia nusu.

Sasa, tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye rimu. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha kwenye kiwanda cha ndugu Michelin, Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa kadhaa, gundi ikaachwa ikauke usiku kucha, na kesho yake tairi likaisha upepo tena. Édouard Michelin akanusa biashara. Kufikia 1891 walikuwa na tairi linalovuliwa, na Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Mwaka uliofuata ndugu hao waliandaa mbio zao wenyewe, na inasimuliwa kwamba walimwaga misumari njiani makusudi ili watu waone tairi lao lilivyo rahisi kuziba. Dereva wa Nairobi atacheka hapo. Nani hajawahi kuishuku misumari iliyolala mita chache kabla ya kibanda cha pancha?

Tabu basi ikamhamia msafiri mwenyewe: beba pampu, beba viraka, piga magoti. Hata gurudumu la akiba halikuwepo. Lililoanza kuuzwa ni lile la Stepney, kutoka Llanelli, Wales, mwaka 1904. Lakini tajiri hakupiga magoti kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa na dereva wa kumpigia. Kwetu malori yalikuwa na tanboi, yule Watanzania wanayemwita utingo. Alikaa juu ya mizigo, akapigwa na vumbi, na tairi likipasuka yeye ndiye alijua jeki iko wapi. Fundi wa kukufuata ulipo tulikuwa naye zamani, ila alisafiri nasi.

Kilichombadilisha ni tairi lisilo na tyubu, ambalo B.F. Goodrich ya Marekani ilitangaza mwaka 1947. Tyubu ikitoboka, lazima uvue gurudumu, ulifungue, uizamishe kwenye karai la maji utafute mapovu. Tairi lisilo na tyubu unaweza kuling'oa msumari likiwa bado garini, ukasukumia kipande cha kamba ya mpira yenye gundi, ukakata ncha, ukajaza upepo. Kazi ikaingia kwenye mkoba mmoja. Ongeza simu, na M-Pesa ya 2007, kibanda kikaota miguu.

Mteja hujionea dakika kumi tu, ndiyo maana hubishana bei. Haoni foleni ya Thika Road, mafuta ya bodaboda, wala askari wa geti aliyemweka fundi juani akiuliza anaenda kumwona nani. Mimi naona heri alipie njia bila kelele.

Na hiyo ni gari ndogo. Kuna anayeitwa usiku kwenye lori lililokwama Salgaa ama Mlolongo. Magurudumu mengi ya malori yana ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo, hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Gereji iliyojipanga ina kizimba cha chuma cha kuwekea gurudumu. Kando ya barabara hakuna kizimba. Fundi hulilaza gurudumu ringi ikitazama chini, hulizungushia mnyororo akiwa nao, kisha husimama mbali kadiri mpira wake wa upepo unavyofika.