Chipu ya Tisa: Historia ya Kusaka Makosa ya Kumbukumbu kwenye Kompyuta

Kumbukumbu ya kompyuta hutunza biti, yaani sifuri na moja, na biti moja tu ikigeuka bila kuamriwa inaweza kuangusha kazi nzima. Tatizo hili lina umri sawa na kompyuta yenyewe. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, mashine iliyopewa jina la utani Baby iliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kielektroniki. Kumbukumbu hiyo, kazi ya Freddie Williams na Tom Kilburn, ilikuwa bomba la kioo la jamii ya yale ya televisheni za zamani, na juu ya uso wake zilipangwa nukta 1,024 za chaji ya umeme. Chaji ilivuja, kwa hiyo nukta zote zilibidi kusomwa na kuandikwa upya mfululizo. Hata hivyo wahandisi wa Manchester walikuwa na bahati ambayo mafundi wa leo hawana: bomba jingine liliwaonyesha yaliyomo kwenye kumbukumbu, biti kwa biti, wakayakagua kwa macho yao wenyewe.

Macho hayakufika mbali. Mwaka mmoja kabla, nchini Marekani, mwanahisabati Richard Hamming wa Bell Labs alikuwa akitumia mashine ya relei mwishoni mwa juma, wakati hakuna mhudumu kazini. Mashine hiyo ilijua kugundua kosa. Siku za kawaida ilipogundua kosa ilisubiri mhudumu aje kulirekebisha. Mwishoni mwa juma iliitupa kazi yenye kosa na kushika inayofuata. Majuma mawili mfululizo Hamming alirudi akakuta kazi zake zote zimetupwa. Swali lililomkera lilikuwa jepesi: mashine inayoweza kujua kuwa kuna kosa inashindwaje kujua liko wapi? Jibu alilichapisha mwaka 1950. Katika mpango wake, biti 4 za data huandamana na biti 3 za ukaguzi. Kila biti ya ukaguzi husimamia kundi lake, na makundi hupishana kiasi kwamba hakuna biti mbili zilizo katika makundi yale yale. Biti moja ikigeuka, inatosha kutazama ni makundi gani yamelalamika na yapi yamenyamaza. Mkosaji anajulikana, anageuzwa, na kazi inaendelea.

Tangu hapo ikaeleweka kwamba kumbukumbu isiyo na shahidi haiwezi kushtakiwa. Ikisema uongo, uongo huo huonekana kwenye programu, kwenye faili au kwenye skrini, na lawama huangukia huko.

Teknolojia yenyewe ilibadilika haraka. Mabomba yalipokwa nafasi na pete ndogo za sumaku, zilizowekwa kwenye mashine ya Whirlwind huko MIT mwaka 1953 na kutawala kwa takriban miaka 20. Pete hazikuvuja chaji, wala hazikusahau umeme ulipokatika. Kisha Robert Dennard wa IBM akabuni kumbukumbu yenye transista moja na kapasita moja kwa kila biti, akapewa hataza mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Intel ikaanza kuuza chipu ya 1103, yenye biti 1,024, idadi ile ile ya bomba la Manchester. Ugonjwa wa zamani nao ukarudi, maana kapasita ni ndoo yenye tundu. RAM ya kisasa, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, hulazimika kujaza upya kila ndoo ndani ya milisekunde 64 au pungufu, usiku na mchana, na ndoo hizo sasa ni mabilioni.

Kompyuta ya kuunda mwenyewe ilikutana na balaa hilo siku zake za mwanzo kabisa. Januari 1975 jarida la Popular Electronics liliitangaza Altair 8800, iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque kama vipande vya kulehemu nyumbani, kwa bei isiyofika dola 400. Ilikuja na baiti 256 za kumbukumbu, kiasi kisichotosha hata ukurasa huu. Aliyetaka kuendesha lugha ya BASIC alihitaji kadi ya kumbukumbu ya kilobaiti 4, na kadi hizo za MITS zilijulikana upesi kwa ubovu wake. Mjenzi hakuwa na skrini ya kumweleza lolote. Alikuwa na safu ya swichi na taa nyekundu usoni mwa sanduku. Aliingiza namba kwa kupandisha na kushusha swichi, akaisoma tena kwa taa, akaangalia kama kilichotoka ndicho kilichoingia. Wengi walichoka wakanunua kadi za washindani zisizohitaji kujazwa upya, na kampuni ya Processor Technology ilipata jina kwa biashara hiyo.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981 ilimpa mnunuzi shahidi. Kila baiti ina biti 8, lakini kwenye bodi ya mashine hiyo kila safu ya kumbukumbu ilikuwa na chipu 9. Chipu ya tisa ilibeba biti ya pariti, inayosema kama idadi ya moja katika baiti ni shufwa au witiri. Hesabu ikikataa wakati wa kusoma, mashine ilisimama palepale na kuandika PARITY CHECK. Pariti haiwezi kusahihisha, na biti mbili zikigeuka pamoja inadanganyika, lakini angalau ilikataa kuendelea na uongo.

Uchunguzi wa mashine hiyo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu baada yake hakuna fundi aliyerahisishiwa kazi namna ile tena. Ilipowashwa ilijipima kumbukumbu yake, na ikikuta kasoro iliandika namba 201 ikitanguliwa na tarakimu nne. Mbili za kwanza zilitaja safu na mbili za pili zilitaja biti. Fundi aliyejua kuzisoma aliweza, kati ya chipu 36 zilizojipanga kwenye bodi, kuweka kidole juu ya ile mbovu, na kama ilikuwa kwenye soketi akaing'oa na kuchomeka nyingine. Mara nyingi hata hilo halikuhitajika. Chipu zilipata joto na kupoa kila siku, na kidogo kidogo zikapanda kutoka kwenye soketi zake. Dawa ilikuwa kufungua kifuniko na kuzibonyeza moja moja kwa dole gumba. Huko ndiko inakotoka desturi ya kuchomoa RAM na kuichomeka upya, na mafundi wa Afrika Mashariki, ambako vumbi na unyevu wa pwani huchafua shaba na dhahabu sawasawa, wameiongezea raba ya shule ya kusugulia meno ya kadi.

Wakati huo ilikwishajulikana kwamba chipu nzima isiyo na ila yoyote inaweza kukosea. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walieleza kwamba chembe za alfa, zinazotoka kwenye mabaki ya urani na thori ndani ya vifuniko vya chipu, zilitosha kugeuza biti. Mwaka uliofuata James Ziegler na William Lanford wakaonyesha kwamba miale kutoka anga za juu nayo ina uwezo huo. Kosa la namna hii haliachi jeraha. Biti ikiandikwa upya inapona. Mfano unaotajwa sana ni wa uchaguzi wa Ubelgiji wa tarehe 18 Mei 2003. Katika manispaa ya Schaerbeek, Brussels, mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kuhesabu upya kulionyesha ziada ya kura 4,096, yaani 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 12: thamani ya biti moja tu. Hakuna hitilafu nyingine iliyopatikana.

Mtu angetarajia kwamba baada ya kujua hayo chipu ya tisa ingelindwa kama mboni ya jicho. Ilitupwa. Katika miaka ya 1990 kompyuta za kuunganishwa madukani, zile zilizoitwa kloni hata Nairobi na Dar es Salaam, zilishindana kwa bei, na chipu moja kati ya tisa ni gharama inayoonekana mara moja kwenye hesabu. Mwaka 1995 Intel ilitoa seti ya chipu ya 430FX kwa ajili ya bodi za Pentium, na seti hiyo haikutambua pariti kabisa. Wauzaji wengine walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza kadi zenye pariti bandia: mahali pa chipu ya tisa waliweka chipu ya bei rahisi isiyohifadhi kitu, ambayo wakati wa kusoma ilitazama biti nane zilizopo, nzima au mbovu, ikatoa jibu linalolingana nazo. Shahidi huyo hakuona lolote, na siku zote alikubali. Ni udanganyifu wa werevu wa kusikitisha, maana mteja hakuwa na njia ya kuugundua kwa kuwasha mashine.

Matokeo yalionekana kwanza miongoni mwa watumiaji wa Linux, waliokuwa na mazoea ya kukusanya kiini cha mfumo wao wenyewe kutoka kwenye msimbo. Kazi hiyo hujaza RAM na kuishughulisha kwa muda mrefu, na kwenye mashine mbovu kikusanyaji kiliangukia njiani na ujumbe wa ishara namba 11. Kilichowafumbua macho ni kwamba kila jaribio lilianguka mahali tofauti. Kosa la programu hurudi pale pale. Kosa la kumbukumbu hutangatanga. Hiyo bado ndiyo dalili bora kuliko zote, na inafaa pia kwa skrini ya bluu ya Windows: misimbo inayobadilika kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, inaelekeza kwenye vifaa kabla ya programu.

Mwaka 1994 Chris Brady aliandika Memtest86, programu inayoanza peke yake bila mfumo endeshi, ili isiwepo sehemu kubwa ya RAM iliyokaliwa isiyoweza kupimwa. Haitoshi kuandika sifuri na kusoma sifuri. Seli za kumbukumbu zimebanana, na seli dhaifu huweza kutii ikiwa peke yake lakini ikayumba jirani yake anapoguswa. Ndiyo maana kipimo huandika ruwaza moja kote, kisha huigeuza seli baada ya seli kwenda mbele na kurudi nyuma, na mwisho huacha data ikae bila kuguswa ili kuona kama inafifia. Hupita hivyo kwa saa nyingi, na mazoea ya kuiacha ikeshe yalitokana na hilo. Tawi lake, Memtest86+ la Samuel Demeulemeester, lilizaliwa pale toleo la awali liliposinzia, na Microsoft nayo iliweka kipimo chake ndani ya Windows Vista.

Swali la makosa ni mangapi lilijibiwa mwaka 2009, wakati Bianca Schroeder, Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber walipochapisha uchunguzi wa seva za Google. Zaidi ya asilimia 8 ya kadi za kumbukumbu zilipata kosa ndani ya mwaka mmoja, kiwango kikubwa kuliko vipimo vya maabara vilivyodai. Muhimu zaidi, makosa yalirudi kwenye kadi zile zile, ishara kwamba vifaa vibovu vilihusika kuliko miale ya anga. Kwa mjenzi wa nyumbani hii ni habari njema kwa namna yake: kadi mbovu hukosea tena, kwa hiyo hunaswa. Mwaka 2014 Yoongu Kim na wenzake waliongeza jambo la kutisha zaidi. Kusoma safu moja ya seli mara nyingi kwa haraka kuligeuza biti za safu jirani katika kadi 110 kati ya 129 walizopima.

Wakati huo huo wanunuzi walikuwa wakiongeza mzigo kwa hiari yao. Tangu mwaka 2007 kadi nyingi hubeba wasifu wa XMP wa Intel, yaani mipangilio ya kuiendesha kadi kwa kasi ya juu kuliko ya kawaida, na tangu 2022 upo EXPO wa AMD. Kadi ya RAM ya kizazi cha DDR4 iliyoandikwa kasi ya 3600 kwenye sanduku mara nyingi huwaka kwa 2133 mpaka wasifu huo uruhusiwe, na kasi ya juu hutegemea kadi, bodi na prosesa vikubaliane. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenye mashine inayoanguka ni kuzima wasifu huo. Ikitulia, hakuna kilichokufa. Kasi tu imezidi uwezo. Isipotulia, hubakizwa kadi moja, hupimwa usiku kucha, kisha huhamishwa sloti. Kosa likifuata kadi, kadi ni mbovu. Likibaki kwenye sloti, bodi au prosesa ndiyo ya kuchunguzwa. Ujumbe wenyewe usiaminiwe mno: mwaka 2024 michezo mingi iliandika kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, na chanzo kikathibitika kuwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilizopewa volti kupita kiasi.

DDR5, kizazi kilichofuata na kuidhinishwa mwaka 2020, husahihisha makosa ndani ya chipu yenyewe, lakini data ikiharibika njiani kati ya kadi na prosesa hakuna anayeiona. ECC kamili, yaani usahihishaji wa makosa unaoilinda data hadi kwenye prosesa, imebaki zaidi kwenye seva, na Januari 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliilaumu Intel hadharani kwa hali hiyo. Oktoba 2022 mashine yake mwenyewe ya kazi, iliyofanya kazi bila tatizo kwa takriban miaka miwili na nusu, ilianza kuangusha programu ovyo. Kwanza alishuku msimbo mpya wa Linux. Mkosaji alikuwa kadi moja ya RAM, na kadi hiyo haikuwa na ECC.