Kutoka Eindhoven hadi Ufipa: Historia ya Philips na Kaseti Yake

Na mwanafunzi wa zamani, sasa mtumishi wa Serikali, Dodoma

Ndugu wasomaji, kamati ya jarida letu imeniomba niandike makala ya historia. Najua wengi mlitegemea niandike juu ya tawala za Nkansi na Lyangalile, au juu ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo wazee wetu waliyeyusha chuma. Habari hizo zimekwisha andikwa na wataalamu, na zitaendelea kuandikwa. Mimi nimechagua kitu kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu wa rika langu amekishika mkononi, lakini historia yake haifundishwi darasani. Kitu hicho ni kaseti. Na kwa kuwa kaseti haikuanguka kutoka mbinguni, hapana budi kuanza na kampuni iliyoibuni, yaani Philips ya Uholanzi.

Kampuni iliyoanza na taa

Kampuni ya Philips ilianzishwa mwaka 1891 katika mji wa Eindhoven na mhandisi Gerard Philips, kwa msaada wa fedha za baba yake, Frederik. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza balbu za taa. Mwaka 1895 alijiunga nao Anton, mdogo wake Gerard, ambaye hakuwa fundi bali alikuwa hodari wa kuuza. Kwa hiyo mmoja alitengeneza na mwingine akatafuta wanunuzi, na kampuni ikakua.

Kutoka kwenye balbu kwenda kwenye redio haikuwa safari ndefu, kwani vali za redio za zamani nazo zilikuwa chupa za kioo zenye nyaya ndani na hewa imetolewa. Mwaka 1927 Philips ilianza kuuza redio. Mwaka huo huo mtambo wake wa masafa mafupi ulisikika kutoka Eindhoven hadi makoloni ya Uholanzi ambayo leo ni nchi ya Indonesia. Kufikia mwaka 1932 ilikuwa imekwisha uza redio milioni moja.

Kunasa sauti kulikuwa jambo jingine. Mdenmark Valdemar Poulsen alinasa sauti kwa sumaku juu ya waya mwaka 1898. Mwaka 1935 Wajerumani wa kampuni za AEG na BASF walionyesha mjini Berlin mashine iliyotumia utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili ufundi huo ulienea duniani. Philips nayo iliingia katika kazi hiyo, ikitengeneza mashine kubwa za studio na vilevile tepu rekoda za nyumbani. Kampuni nyingine zilifanya hivyo hivyo. Willi Studer wa Uswisi, kwa mfano, alitumia jina la Studer kwa mashine za studio na jina la Revox kwa zile za nyumbani.

Hata hivyo, hizo za nyumbani zilikuwa za watu wachache. Zilikuwa nzito, bei yake ilikuwa kubwa, na utepe ulipaswa kupitishwa kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine. Huku kwetu mashine za namna hiyo zilikuwa mali ya vituo vya redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 Serikali ikaichukua na kuiita Radio Tanzania. Kwa miaka mingi bendi iliyotaka kurekodi nyimbo zake hapa nchini haikuwa na mahali pengi pa kwenda zaidi ya studio hiyo. Mkulima wa Ufipa aliisikia redio ikisema, lakini yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kuweka sauti yake popote.

Kibao cha mfukoni

Mtu aliyebadilisha hali hiyo ni mhandisi wa Kiholanzi aitwaye Lou Ottens, aliyezaliwa mwaka 1926. Aliajiriwa na Philips mwaka 1952, na baadaye akahamishiwa kiwanda cha kampuni kilichokuwa Hasselt, nchini Ubelgiji. Huko yeye na wenzake walitengeneza tepu rekoda ndogo ya betri, EL 3585, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni moja. Mafanikio hayo yaliwapa moyo wa kutengeneza nyingine iliyo ndogo zaidi.

Ottens hakuanza na hesabu za umeme. Alikata kibao cha mti kinachoingia katika mfuko wa koti lake, akawaambia wenzake kwamba mashine isizidi ukubwa huo. Ufundi wote uliofuata ulilazimika kukitii kibao. Utepe ulipunguzwa upana ukawa milimita 3.81, yaani karibu nusu ya upana wa utepe wa kawaida wa tepu rekoda za nyumbani. Mwendo wake ukawa sentimita 4.76 kwa sekunde. Magurudumu mawili madogo yakafungiwa ndani ya kijaluba cha plastiki, hata mtoto aweze kukitia na kukitoa bila kuugusa utepe.

Kaseti hiyo na mashine yake, EL 3300, zilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya redio mjini Berlin mwishoni mwa Agosti 1963. Sauti yake haikuwa nzuri kwa muziki, kwani ilikusudiwa hasa kwa maneno: barua za ofisini, mahojiano, masomo ya lugha. Lakini ilikuwa nyepesi, rahisi, na ilitumia betri. Kwa nchi kama yetu, ambako umeme ulikuwa wa miji michache, hilo la betri lilikuwa na uzito kuliko uzuri wa sauti.

Uamuzi wa kutoa bila malipo

Hapa nawaomba wanafunzi mtulie kidogo, maana ndipo lilipo somo kubwa la historia hii. Kampuni nyingine nazo zilikuwa na kaseti zao. Grundig ya Ujerumani ilileta aina yake mwaka 1965. Kama kila kiwanda kingeshikilia cha kwake, mwenye mashine ya Grundig asingeweza kusikiliza kaseti ya Philips. Philips ilitaka kwanza kutoza ada kwa kila atakayeiga kaseti yake. Baada ya mazungumzo na Sony ya Japani katikati ya miaka ya 1960, ilikubali kuwaruhusu watengenezaji wengine bila ada, kwa sharti moja tu kwamba wasibadilishe vipimo.

Matokeo yake mnayajua. Wajapani walitengeneza redio-kaseti za kila aina, na kaseti iliyorekodiwa Tokyo au London ikaweza kusikilizwa Sumbawanga bila matatizo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya kaseti bilioni 100 ziliuzwa duniani. Philips iliacha ada yake, ikapata kwa malipo hayo dunia nzima inayotumia kipimo chake.

Philips katika Afrika Mashariki

Jina la Philips halikuwa geni hapa kwetu. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio mjini Arusha, na wazee wengi wanazikumbuka redio hizo. Mshindani wake mkubwa alikuwa Matsushita ya Japani, iliyotengeneza betri na redio za National jijini Dar es Salaam.

Jirani zetu wa Kenya nao waliijua Philips kwa mlango mwingine. Kampuni ya santuri iitwayo PolyGram, ambayo Philips iliimiliki pamoja na Siemens ya Ujerumani, ilikuwa na tawi mjini Nairobi. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, wanamuziki wetu kadhaa walivuka mpaka. Simba Wanyika, ambao asili yao ni Tanga, ni miongoni mwa waliotoa santuri zao huko.

Lakini kaseti hiyo hiyo iliyobuniwa na Philips ndiyo iliyoipunguzia nguvu biashara ya santuri. Mwenye mashine mbili na waya mmoja aliweza kunakili wimbo mara mia. Miji yetu ilijaa vibanda vya kurekodia: unapeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo, unarudi jioni. Msikilizaji alifurahi, mwenye kibanda alipata riziki, na mtunzi wa wimbo hakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, wakati wengi wa watunzi hao walikuwa wamekwisha zeeka. Mtu anayeandika historia ya kaseti kwa kuisifu tu atakuwa anawadhulumu mara ya pili.

Kaseti katika uwanda wetu

Nilipokuwa mwanafunzi Kaengesa, katika miaka ya 1990, umeme ulikuwa haujafika katika vijiji vingi vya Ufipa, na betri zilikuwa ghali. Kila mtu wa wakati ule anajua kwamba kaseti haikurudishwa nyuma kwa mashine bali kwa kalamu ya Bic, na kwamba betri iliyochoka huanikwa juani. Katika baridi ya Juni na Julai ya kwetu, hata jua lenyewe lilihitaji kusubiriwa.

Jambo ambalo vitabu vya historia ya ufundi havilisemi ni kwamba kaseti ilikuwa barua ya wasiojua kusoma. Shangazi yangu aliolewa Mbeya. Bibi yangu hakujua kusoma wala kuandika, na hakupenda mjukuu amsomee barua yenye mambo ya wakubwa. Basi shangazi alizungumza ndani ya kaseti na kuituma kwa mtu anayesafiri. Bibi aliisikiliza peke yake jioni. Shangazi alipouliza hali ya mahindi, bibi aliijibu redio, tena kwa sauti. Kisha kaseti ile ile ilirekodiwa upya upande wa pili, ikarudi Mbeya na majibu.

Moja ya kaseti hizo imesalia, nami ninayo. Mwaka juzi nilimpelekea fundi hapa Dodoma ili aihamishie kwenye kompyuta. Ni kaseti ya dakika 60. Upande mmoja umepatikana karibu wote: bibi anaeleza habari za shamba, anagombana na kuku, anataja majina ya mababu mmoja mmoja kwa Kifipa ambacho watoto wangu hawakielewi. Upande wa pili ulikuwa umeliwa na ukungu. Hatukupata kitu.

Philips ya leo

Philips yenyewe imeiacha kazi hiyo. Ikishirikiana na Sony ilileta CD mwaka 1982. Mwaka 1992 ilijaribu kaseti ya kidijiti, lakini watu hawakuinunua, na mwaka 1996 ikaachwa. PolyGram iliuzwa mwaka 1998. Mwaka 2014 biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani nayo ikauzwa, na mwaka 2016 hata taa, kazi iliyoanza nayo mwaka 1891, zikatengwa kuwa kampuni nyingine. Leo nguvu zake ziko katika vifaa vya hospitali. Lou Ottens alifariki mwezi Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 94.

Kampuni imekwenda na biashara yake, na haina deni kwetu. Kaseti zake ndizo zimebaki, chini ya vitanda na ndani ya makabati ya Ufipa nzima.

Wajibu wetu

Sisi tunaofanya kazi katika ofisi za Serikali tunajua kwamba faili likipotea mezani, huenda nakala yake ikapatikana mahali pengine. Sauti ya mzee iliyo katika kaseti moja haina nakala. Roy Willis, mtaalamu kutoka Uingereza, aliishi Ufipa katika miaka ya 1960, na mwaka 1978 kitabu chake cha hadithi za Wafipa kilichapishwa. Tunamshukuru. Lakini kitabu hakikohoi wala hakicheki, na hakimwonyeshi mjukuu jinsi neno la Kifipa linavyopandishwa na kushushwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache kwa wenzangu. Kwanza, tukitoka katika mkutano wetu, kila mmoja atafute kaseti zilizobaki nyumbani kwake: kwaya, harusi, misiba, mazungumzo ya wazee. Pili, avunje vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tatu, asiicheze katika mashine chafu. Kichwa kisafishwe kwanza kwa pamba na spiriti. Kijaluba kilichopasuka kinaweza kubadilishwa bila kudhuru utepe. Zile za dakika 120 zishughulikiwe kwa uangalifu zaidi, maana utepe wake ni mwembamba na hukatika upesi. Nne, ihamishiwe kwenye kompyuta kwa waya, na nakala ziwekwe mahali pawili. Napendekeza mahali pa pili pawe hapa shuleni, chini ya mwalimu wa historia, kwa ridhaa ya familia.

Ninyi wanafunzi mna kazi nyepesi zaidi. Wakati wa likizo, ombeni simu ya mzazi na mkae na babu au bibi kwa nusu saa. Mwombeni kwanza ruhusa. Halafu semeni tarehe, jina la kijiji na jina la anayezungumza kabla hajaanza, maana sauti isiyo na jina humsumbua mtafiti. Simu ya leo inafanya yale ambayo Ottens aliyatafuta kwa kibao chake, na haihitaji kalamu ya Bic.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii yetu ina daftari tayari, nalo linaoza. Yule mwalimu wa historia atakapoanza kupokea kaseti, ya bibi yangu itakuwa ya kwanza mezani kwake.