Mwisho Uliotangulia Hadithi

Tamthilia ya Marekani How I Met Your Mother ilianza kurushwa na CBS Septemba 2005, ikafikia tamati 31 Machi 2014 baada ya misimu 9 na sehemu 208. Ted, msanifu majengo wa New York, anawasimulia wanawe jinsi alivyokutana na mama yao. Mwishoni ndipo inapobainika kwamba mama huyo, Tracy, alifariki miaka 6 kabla ya masimulizi hayo, na watoto wanamhimiza baba yao amrudie Robin, mpenzi wake wa zamani. Ted anasimama chini ya dirisha la Robin na tarumbeta la buluu, kama alivyofanya katika sehemu ya kwanza. Mashabiki wengi walikasirika, na walikuwa na haki.

Kosa lilianza mwaka 2006. Waandishi, Carter Bays na Craig Thomas, walijua kwamba waigizaji wa watoto wangekua, kwa hiyo walirekodi mapema mazungumzo ya mwisho na kuyaficha. Lakini hadithi ya mfululizo hukua kadiri inavyoandikwa. Ted aliachana na Robin, akarudi kumtamani, na hatimaye akajifunza kumwacha aende zake. Karibu msimu wote wa 9 ukatumika kwa harusi ya Robin na Barney, rafiki wa Ted. Na mwigizaji Cristin Milioti akampa Tracy uhai ambao hakuna aliyeweza kuukadiria miaka 8 nyuma. Tamati ikaivunja ndoa ile na kumwondoa Tracy duniani ndani ya saa moja, ili picha za zamani zipate pa kukaa.

Wapo wanaosema kifo ni sehemu ya maisha, na mgane ana haki ya kupenda tena. Ni kweli, tena kifo hicho kilikuwa kimedokezwa. Kilichokosekana ni nafasi ya kumlilia Tracy kabla ya kupelekwa kwa Robin. Wengine hudai kwamba kubadili mwisho uliokusudiwa ni udhaifu. Mbona mwaka 1861 Charles Dickens, kwa ushauri wa rafiki yake Edward Bulwer-Lytton, aliuandika upya mwisho wa riwaya yake Great Expectations kabla haujachapwa, na heshima yake haikupungua? Hata Bays na Thomas walikuwa na njia: DVD za mwaka 2014 zilitoka na mwisho mwingine ambamo Tracy hafi, na hadithi inasimama imara.