Zanzibar: Mji Uliofukia Hori Lake

Gari zinazofika Darajani, mjini Zanzibar, zinapita juu ya bahari iliyofukiwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapo palikuwa bado na hori, mkono wa bahari ulioingia kutoka kaskazini na kuupitia mji kwa nyuma. Maji yakijaa, Mji Mkongwe ulikuwa nusura uwe kisiwa, ukishikwa na nchi kavu kwa kipande chembamba cha ardhi upande wa kusini na kwa daraja. Maji yakitoka, lilibaki tope. Magharibi ya hori zilisimama nyumba za mawe za masultani, matajiri na mabalozi. Mashariki yake vilitanda vibanda vya udongo na makuti vya Ng'ambo.

Mtu wa Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani, akienda Zanzibar siku hizi hupanda boti ya mwendo kasi Dar es Salaam na kwa muda usiofika saa mbili huwa ameshuka Malindi, upande wa nyumba za mawe. Huko hupiga picha milango ya nakshi, hula mishikaki Forodhani, hulala usiku mmoja na kurudi. Safari hiyo si mbaya, ila imeishia nusu ya njia. Historia ya mji huu haisomeki kwa kutazama upande mmoja tu wa hori, na chakula chake ndiyo kabisa.

Ushanga wa Venice katika njia ya Uzaramo

Jina la Zanzibar lilifika Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya nguzo za miti katikati ya maji, kabla ya Mreno yeyote kuiona pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 13 Marco Polo, mwana wa mji huo, aliitaja katika kitabu chake kuwa kisiwa chenye mzunguko wa maili elfu mbili. Hakuwahi kufika. Alisimulia ya kusikia, na kipimo hicho chenyewe kinamfichua. Venice ya wakati wake ilikuwa ikitajirika kwa pilipili manga, karafuu na mdalasini vilivyonunuliwa Alexandria baada ya kuvuka Bahari ya Hindi.

Karne ya 19 bidhaa za Venice zilifika hapa zenyewe. Viwanda vya vioo vya mji ule vilitengeneza ushanga wa kila rangi, ukapakiwa masandukuni hadi forodha ya Zanzibar, ukapakuliwa pamoja na merikani, shuka za pamba zilizoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kutoka hapo ulivushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo na Kaole, ukabebwa vichwani na wapagazi kuelekea bara. Wavumbuzi Burton na Speke walipoanza safari yao ya bara mwaka 1857 waliondokea Kaole wakakata Uzaramo, nchi ya Wazaramo, jirani na bonde la Mto Ruvu, ambao sehemu yake ya chini iliitwa Kingani. Kila walipopita walidaiwa hongo ya nguo na shanga.

Biashara hiyo ilitaka akili. Msafiri Stanley, alipofunga mizigo yake Zanzibar mwaka 1871, alijifunza kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo lakini kwingine hazikuwa na thamani, na zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilipendwa Ujiji huku sehemu nyingine zikikataliwa. Aliyekosea rangi alibaki na mzigo usionunua hata kuku. Kwa hiyo mababu wa Kisarawe na Mlandizi, watu wa Uzaramo huo, hawakuwa watazamaji wa historia ya Zanzibar. Njia iliyoulisha mji ule ilipita mlangoni kwao.

Nyumba za mawe na boriti za Rufiji

Mji wenyewe, kama tunavyouona leo, si wa kale sana. Ngome Kongwe ndiyo iliyotangulia: Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Nyumba nyingi za mawe zilikuja karne ya 19, baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake hapa kutoka Muscat na kuhimiza kilimo cha karafuu kwa nguvu za watumwa.

Ukiingia ndani ya nyumba ya zamani, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ipo darini. Kuta ni za matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko hairuhusu chumba kuzidi takriban mita 3 kwa upana. Nyingi zilikatwa katika delta ya Rufiji na kusafirishwa kwa majahazi. Fundi alijenga kwa urefu wa mti, ndipo tajiri akaongeza heshima yake kwa nakshi za mlango na vigae vya Kihindi.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeubadilisha mji zaidi. Aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumwondoa kaka yake madarakani, na aliporudi alikuja na fikra za mji wa kisasa. Alileta maji ya mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akajenga hamamu ya umma ambayo mtaa wake hadi leo ni Hamamni, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwashwa umeme na kufungwa lifti wakati miji mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa bado inatumia vibatari. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyomalizika kwa muda usiofika saa moja. Halikunusurika uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na kuua watu wawili.

Mkunazini, hatua chache kutoka lilipokuwa hori, ndipo lilipokuwa soko la mwisho la watumwa. Lilifungwa kwa mkataba ambao Barghash alilazimishwa kuutia saini Juni 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Waanglikana lililosimamiwa na Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika sarufi ya Kiswahili.

Maisha ya ng'ambo ya hori

Wageni wa karne ya 19 waliandika kuhusu hori kwa kuziba pua. Taka za mji zilitupwa humo, na maji yalipotoka harufu ilipanda. Mmisionari Livingstone, aliyekuwapo mwaka 1866, alilalamikia uvundo wa Zanzibar. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliingia na kuua maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini humo, aliandika kitabu kizima kuhusu njia ugonjwa huo ulizopitia.

Lakini hori lilikuwa pia mpaka wa hadhi. Ng'ambo waliishi watumwa, walioachwa huru, wapagazi, mafundi, wavuvi na wahamiaji kutoka bara: Wazaramo, Wanyamwezi, Wayao, Wamanyema. Watu wa Uzaramo walikuwa na safari fupi kuliko wengine, na wengi walihamia. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 Ng'ambo ilizidi kupanuka, hadi ikaupita Mji Mkongwe kwa wingi wa watu.

Mtu alimiliki kibanda chake, lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mwingine, na kodi ilidaiwa. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo. Mwaka huohuo Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuja kuishi Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Taarabu iliyokuwa ya majumba ya masultani, ikiimbwa kwa Kiarabu, alikuwa ameihamishia barazani kwa watu wa kawaida. Tukiulizwa sauti ya Zanzibar ilitoka wapi, jibu liko mashariki ya hori.

Serikali ya kikoloni ilianza kulifukia hori kwa vipande, upande wa kusini kwanza, ambako ndiko viwanja vya Mnazi Mmoja vilipo. Kaskazini kazi iliendelea hadi miaka ya 1950. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904 ukingoni mwa maji, likajikuta katikati ya mji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume iliamua kuibomoa Ng'ambo ya vibanda na kujenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ghorofa zile ndefu, zinazokutana kwenye mzunguko mmoja, hazimo katika kadi nyingi za posta. Ila kwa waliopewa funguo zake lilikuwa tukio kubwa kuliko Beit al-Ajaib.

Sahani ya mji

Forodhani ndipo wageni wanapoanzia kula, na haidhuru. Bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa sherehe za jubilei, ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Jioni wapishi wenye kofia nyeupe hupanga pweza, ngisi, kamba na mishikaki, na juisi ya miwa hukamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, mtu wa Mombasa akiiona atasema ni mkate mayai. Uliza bei kabla ya kuonja.

Chakula kinachoeleza mji vizuri zaidi ni urojo, na urojo mzuri unataka uvuke barabara kwenda Ng'ambo. Muuzaji ana sufuria la mchuzi wa manjano, uji mwepesi wa unga uliotiwa bizari na uchachu wa embe mbichi au ndimu. Anachota bakuli, anakatia viazi vya kuchemsha, anavunjia bhajia na kachori, anatia mishikaki miwili na yai, anamwagia chatini ya nazi na pilipili, kisha juu kabisa anarushia chipsi za muhogo zinazolia zikitafunwa. Bhajia na kachori ni za Wahindi, nazi na muhogo ni vya mashamba ya Unguja, mishikaki ina mkono wa Waarabu. Vyote vinaliwa kwa kijiko kimoja, mtu amekaa kwenye benchi, kabla ya kiza kuingia. Baadaye sufuria huwa tupu.

Pilau ya harusi, yenye karafuu, iliki, mdalasini na bizari nyembamba, haiuzwi vizuri hotelini kwa sababu inataka sufuria la watu mia na moto wa kuni. Boko boko, ngano na nyama zilizopondwa hadi zikawa kitu kimoja, ni chakula cha Waomani kilichopata uraia. Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi, Darajani hujaa mikate ya kumimina, mikate ya ufuta, tambi na muhogo, na aliyechelewa hukuta makombo. Kahawa chungu hunywewa barazani, Sokomuhogo na kwingineko, kwa kikombe kidogo na kipande cha kashata, siasa na mpira vikijadiliwa kwa sauti.

Mji bila wenyeji

Venice nayo ilifukia baadhi ya mifereji yake na kuigeuza mitaa, lakini mingi iliiacha, na mifereji hiyo ndiyo inayovuta watalii. Kwa kitu kimoja tu ni onyo kwetu. Mwaka 1951 kitovu chake cha kale kilikuwa na wakazi takriban 175,000, na mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba ziligeuka vyumba vya wageni, bei zikapanda, wenyeji wakahamia bara. Aprili 2024 mgeni wa siku moja alianza kulipishwa ada ya kuingia katika siku maalumu, wakati huo euro 5, na ada hiyo haijamrudisha mwenyeji nyumbani kwake.

Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, umeanza kuifuata njia hiyo. Nyumba ya familia ikiwa hoteli, jiko lake hufungwa, na mapishi yake huhamia Ng'ambo pamoja na mpishi. Ndiyo maana ulinzi wa mji haupaswi kuishia kwenye milango ya nakshi. Wapangaji wa miji wa Zanzibar walishaliona hilo walipoandaa mpango wa Ng'ambo Tuitakayo pamoja na wenzao wa Amsterdam. Kilichobaki ni utekelezaji, na hatua ya kwanza isingegharimu sana: kuweka alama kando ya barabara kuonyesha hori lilipopita na daraja lilipokuwa.

Kwa walimu wa Mkoa wa Pwani, ambao kila mwaka hukusanya michango ya safari za masomo, rai ni hii. Mkiwapeleka watoto Zanzibar, waonyesheni Ngome Kongwe na Mkunazini, halafu wavusheni Darajani kwa miguu hadi Michenzani, wale urojo huko, na muwaambie wazi kwamba miongoni mwa waliojenga upande ule walikuwamo watu wa Uzaramo.