BARABARA YA KUSINI NA MAJI YA RUFIJI

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya barabara. Msiseme hiyo ni kazi ya mainjinia, sisi haituhusu. Bei ya gunia lako huanza kupangwa na njia litakayopita, na jambo hili limeonekana wazi kwenye barabara iendayo kusini, toka Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara.

Kwanza tuifuate. Inatokea Mbagala, inaingia Mkuranga kwenye minazi na mikorosho, inafika Kibiti, halafu Ikwiriri. Hapo unateremka bondeni na kuvuka Mto Rufiji. Ng'ambo ni Nyamwage, kisha Somanga penye samaki, kisha Nangurukuru, njia panda ya Kilwa. Ukiendelea unavuka Mto Mbwemkuru na kuingia upande wa Lindi, mpaka Mingoyo, ambako njia ya Masasi na ya Mtwara zinaachana. Safari nzima ni kama kilomita 560.

Sasa, mbona barabara hii ilichelewa hivyo? Tazameni njia za zamani. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa ikashuka Kilwa na pembe za ndovu na, kwa aibu ya wanadamu, na watumwa. Njia ilitoka bara kwenda pwani. Toka hapo mpaka Zanzibar au Dar es Salaam, kazi ilikuwa ya jahazi. Wajerumani walipokuja walitaka pamba, wakawalazimisha watu kuilima, na mwaka 1905 Wamatumbi, hapo juu ya Somanga, wakaing'oa; ndiyo ikawa Vita vya Maji Maji. Waingereza nao wakaja na mpango wao wa karanga mwaka 1947. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, na bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Karanga zenyewe zilikwisha shindikana, mpango ukaachwa mwaka 1951, na muda mfupi baada ya Uhuru reli ikang'olewa. Hiyo pia ilikuwa njia ya bara kwenda pwani. Kila mtawala alitaka mali ifike kwenye meli. Kumwunganisha mkulima wa Masasi na mnunuzi wa Kariakoo halikuwa wazo la yeyote kati yao.

Tukapata Uhuru, kusini ina korosho na bandari, lakini katikati kuna Rufiji. Mto ule si mto wa kuchezea. Pale Ndundu palikuwa na kivuko, na malori yalipanga foleni. Masika maji yakitanda bondeni, udongo mweusi unakuwa kama ugali mbichi, na njia inafungwa. Msafiri wa Mtwara akitaka Dar es Salaam alingoja meli, au alizunguka Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, yaani nusu ya nchi! Mfanyabiashara aliyefika shambani alikuwa amekwisha piga hesabu ya siku za kukwama, akazikata kwenye bei yako. Na vitu kama chungwa, nanasi na samaki mbichi, hivyo havingoji kivuko.

Lakini tusiyalaumu maji tu. Mafuriko yaleyale yanayoharibu njia ndiyo yanayoacha rutuba bondeni, watu wakapanda mahindi na mpunga. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya juu, na wengi waliendelea kushuka kulima kulekule. Walijua wanachokifuata.

Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, likaitwa Daraja la Mkapa: mita 970. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila mbele ya daraja, toka Ndundu hadi Somanga, kilikuwa kimebaki kipande cha kilomita 60 bila lami. Malori yalipita darajani vizuri, kisha yakazama matopeni. Kipande hicho kidogo kilikuja kumalizika zaidi ya miaka kumi baada ya daraja.

Wako wanaosema ubovu wa njia ndio ulioangusha korosho. Hapana, si njia peke yake. Nchi ilipata tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya 20,000. Humo mna ubwiriunga, mna bei ndogo, mna watu kuhamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, na barabara ikakatika sehemu kadhaa mkoani Lindi. Mabasi na malori yakasimama kwa siku. Angalieni sababu: maji hushuka toka vilima vya Matumbi kwenda baharini, na barabara imelala mbele yao kama tuta. Yapite wapi kama si kwenye makalavati? Kalavati likijaa mchanga na magogo, au shamba likilimwa mpaka mdomoni pake, maji hutafuta njia nyingine, nayo ni juu ya lami.

Hapo linaingia suala la mipaka. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 toka katikati ya barabara kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaiongeza, ikawa mita 30. Aliyekuwa na eneo lake kihalali ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa ana haki ya fidia eneo likihitajiwa, na ndiyo maana nyumba zao ziliwekwa alama ya X ya kijani. Ya nyekundu ni ya aliyeingia kwenye hifadhi ya zamani. Huyo halipwi, hata mikorosho yake ikiwa imezaa. Mkorosho huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu na huishi miaka mingi, kwa hiyo chukua kamba, pima toka katikati ya lami, ndipo uchimbe shimo.