Gesi Badala ya Petroli: Hesabu Inayoanzia Barabarani

Kila lita ya petroli inayotiwa katika gari mjini Kamembe imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Imeshushwa melini Dar es Salaam au Mombasa, ikapakiwa katika malori, ikavuka mpaka, ikapanda vilima vya Rwanda, kisha ikakata msitu wa Nyungwe ndipo ikafika Cyangugu, katika wilaya ambayo tangu 2006 inaitwa Rusizi. Wenyeji huiita lisansi, nao hawahitaji kufundishwa kwamba ni ghali. Ndiyo maana linazuka swali hili: je, inafaa kuligeuza gari la petroli litumie gesi ya mitungi, ile inayopikiwa majumbani? Swali hilo linamhusu mwenye teksi, na linamhusu zaidi ofisa aliyekabidhiwa magari ya kikosi cha jeshi au kituo cha polisi.

Swali hilo ni la haki, lakini si geni. Historia imekwisha kulijibu mara kadhaa, na kila mara jibu limetegemea njia yanayopitia mafuta kuliko injini inayoyachoma.

Katika zama za utawala wa Wabelgiji, bidhaa za Cyangugu aghalabu zilitoka kusini. Zilipakiwa Dar es Salaam katika reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, zikavushwa Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kisha zikapanda kwa barabara kuufuata mto Ruzizi. Baada ya uhuru wa 1962, muungano wa forodha na fedha baina ya Rwanda na Burundi ulivunjika, na biashara ya Rwanda ikaegemea zaidi njia ya kaskazini, yaani Mombasa kupitia Uganda. Cyangugu, iliyokuwa karibu na lango la kusini, ikajikuta mwisho wa barabara.

Hasara ya kukaa mwisho wa barabara ilionekana upesi. Mwezi Oktoba 1973 ilizuka vita ya Mashariki ya Kati, na katika muda wa miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ikapanda karibu mara nne. Miaka michache baadaye vita vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kumalizika 1979, viliivuruga njia ya Uganda, na Rwanda ikapungukiwa mafuta ingawa haikuwa upande wowote wa vita hivyo. Mwezi Oktoba 1990, vita vilipoanza kaskazini mwa Rwanda yenyewe, njia hiyo iliingia tena mashakani. Kadhalika, tangu Februari 2019 hadi Januari 2022 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na malori yakalazimika kutafuta njia nyingine. Kwa hiyo mtu wa Cyangugu hununua petroli pamoja na salama, au hatari, ya kila kilomita iliyopita.

Mataifa makubwa pia yalipata kufunzwa somo hilo. Katika Vita Kuu ya Pili, nchi za Ulaya zilizokosa petroli ziliyafunga magari yao majiko ya kuchomea kuni na makaa, na moshi wa majiko hayo ukawa gesi ya kuendeshea injini. Chombo hicho kiliitwa gazojeni, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mhandisi Georges Imbert. Ujerumani, Ufaransa na Sweden zilikuwa na magari mengi ya namna hiyo, na yalipata kutumika hata katika makoloni ya Afrika. Yalifanya kazi, lakini kwa taabu: kilo tatu hivi za kuni zilichukua nafasi ya lita moja ya petroli, nguvu za injini zilipungua sana, na dereva alikuwa mpishi kabla ya kuwa dereva. Vita vilipokwisha mwaka 1945 na petroli ikarudi, majiko hayo yaling'olewa. Mafuta ya badala yaliyopokewa kwa sababu ya dhiki tu hayadumu baada ya dhiki kuondoka.

Gesi ya mitungi ilipata bahati njema zaidi. Nchini Japani teksi zimeitumia tangu miaka ya 1960. Mjini Hong Kong serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa wenye teksi ruzuku ili waache dizeli, na katika muda wa miaka michache karibu teksi zote zikageuka. Nchini Uturuki magari yanayotumia gesi hiyo yamefika mamilioni. Ukichunguza nchi hizo utaona mambo matatu yanayofanana. Kwanza, serikali iliiweka kodi ya gesi chini ya ile ya petroli kwa miaka mingi mfululizo. Pili, vituo vya kujazia vilijengwa. Tatu, waliotangulia kugeuza walikuwa watu wa teksi, ambao magari yao hayapumziki. Panapokosekana mojawapo ya hayo, faida hupungua.

Hapana budi kuitazama hesabu yenyewe. Lita moja ya gesi ya mitungi ina nguvu pungufu kuliko lita moja ya petroli. Gari linalokula lita 10 za petroli katika kilomita 100 litakula lita 12 na nusu hivi za gesi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko: lita ya petroli ni fedha 100, na lita ya gesi ni fedha 60. Kilomita 100 zitagharimu fedha 1,000 kwa petroli na fedha 750 kwa gesi. Zimeokolewa fedha 250. Ikiwa kazi ya kuligeuza gari imegharimu fedha 100,000, yaani thamani ya lita 1,000 za petroli, gharama hiyo itarudi baada ya kilomita 40,000. Teksi inayokwenda kilomita 50,000 kwa mwaka itairudisha kabla ya miezi 10. Gari la mtumishi linalokwenda kilomita 15,000 litahitaji karibu miaka mitatu. Lakini bei ya gesi ikipanda kutoka 60 hadi 75, akiba hushuka hadi fedha 62 na nusu, na gharama hairudi mpaka kilomita 160,000. Magari mengi yatakuwa yamechoka kabla ya hapo.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe Cyangugu. Gesi ya mitungi haichimbwi Rwanda. Nayo huletwa kutoka nje, katika malori, kwa barabara zile zile za petroli. Mpaka ukifungwa, vyote viwili hukwama pamoja. Tena iko habari ya milima. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nyungwe hupanda zaidi ya mita 2,400. Injini isiyo na chombo cha kusukumiwa hewa hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mitambo ya gesi ya mtindo wa zamani huongeza upungufu huo. Gari la doria lililobeba askari na vifaa vyao haliwezi kulipuuza jambo hili.

Aidha, iko habari ya usalama. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, bali hutambaa chini, ikajikusanya katika mashimo ya karakana na mitaro, ikingoja cheche. Tangi la gari hutengenezwa maalumu, lenye vali za kujifunga, na halijazwi kupita asilimia 80 ili gesi ipate nafasi ya kutanuka. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa waya nyuma ya gari ni hatari tupu, na polisi wa barabarani anayeuona anapaswa kulisimamisha gari hilo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Embakasi mjini Nairobi, lori la gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijaziwa mitungi bila kibali. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Gesi yenyewe haina kosa. Kosa ni kuiendesha bila sheria.

Je, basi Cyangugu haina matumaini ila lori la mafuta? Hapana. Chini ya maji ya Ziwa Kivu, ambalo mkono wake wa kusini unagusa mji huo, mna gesi ya methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60. Mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, karibu na Gisenyi, ulianza kuitoa gesi hiyo na kuipeleka katika kiwanda cha bia. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire zilikubaliana kuitumia kwa pamoja, kwa kuwa ziwa ni la wote wawili. Mwaka 2016 ulifunguliwa mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wa megawati 26 za umeme, na baadaye ukajengwa mwingine Rubavu wa megawati 56. Mwaka 2019 Rwanda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Gasmeth Energy ili methani ishindiliwe na kuuzwa kama nishati.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Methani si gesi ya mitungi ya jikoni. Ili itoshe garini hushindiliwa kwa nguvu mara 200 ya hewa ya kawaida, katika matangi mazito ya namna yake. Gari lililogeuzwa kwa gesi ya jikoni halitaweza kujazwa gesi ya ziwa; mwenyewe atalipa mara ya pili. Tanzania, iliyogundua gesi asilia Songo Songo mwaka 1974, imeichagua methani kwa magari yake. Mjini Dar es Salaam wenye teksi na bajaji wameona akiba kubwa, ila wamepata kupanga foleni ndefu mbele ya vituo vichache. Gesi ilikuwapo, bei ilikuwapo, vituo vilipungua.

Kwa hiyo jibu liko wazi. Kwa gari la kawaida la Cyangugu, kugeuza petroli kwa gesi ya mitungi hakujawa na faida ya kutosha. Kwa kikosi chenye magari mengi yanayorudi kambini kila jioni, jambo hilo linaweza kufikiriwa, kwa masharti kwamba tangi la petroli linabaki mahali pake, ghala la gesi ni la kikosi chenyewe, na mafundi wamefunzwa. Ama gesi ya Kivu, kwa sasa inalifikia gari kwa njia ya waya: inachomwa Karongi na Rubavu, inakuwa umeme, na umeme huo unaweza kuendesha pikipiki na magari ya leo bila kuvuka mpaka wowote.

Askari anajua kwamba safari haipimwi kwa nguvu za gari peke yake, hupimwa kwa mafuta yaliyo nyuma yake. Anayetaka kubadili nishati ya gari na aulize kwanza nishati hiyo mpya inatoka wapi, inapita kwa nani, na siku barabara itakapofungwa itabaki kiasi gani ghalani. Akikwisha kupata majibu hayo, ndipo amwite fundi.