Kisanduku Kimoja cha Kuweka Tiki

Wiki iliyopita nilikaa mbele ya kompyuta mpaka saa saba usiku, kisa kisanduku kidogo cha kuweka tiki. Nimemaliza kitabu changu cha kwanza cha hadithi fupi. Jalada nimeshalipia, kurasa zimeshapangwa. Kilichobaki ni kukipandisha Amazon, na hapo ndipo fomu iliponiuliza kama nataka kuingia kwenye mpango wao uitwao KDP Select. Ukiweka tiki, kitabu chako kinaingia kwenye huduma ambayo msomaji analipia kwa mwezi na kusoma atakavyo. Nawe unaahidi kwamba kwa siku 90 hutauza nakala ya kielektroniki mahali pengine popote, hata kwenye tovuti yako mwenyewe. Siku 90 zikiisha, ahadi inajirudia yenyewe mpaka uizime.

Sikuweka tiki, wala sikukataa. Nilizima kompyuta nikalala. Mimi ni mwandishi wa habari, na ugonjwa wetu ni kwamba kabla ya kuamua jambo tunataka kujua lilianzia wapi. Basi kesho yake nikaanza kuchimba.

Nilidhani historia hii itaanzia 2007. Kumbe mwandishi anayetegemea mlango mmoja ni wa zamani kuliko intaneti. Mwaka 1842 jijini London, Charles Edward Mudie alianza kuazimisha vitabu kwa ada. Enzi hizo riwaya mpya ilitoka kwa juzuu tatu na bei yake ilikuwa shilingi 31 na nusu za Kiingereza, pesa ambayo familia nyingi zisingeitoa kwa kitabu. Kwa Mudie ulilipa shilingi 21 tu, ukaazima juzuu mojamoja mwaka mzima. Wasomaji wakafurika. Wachapishaji nao walimpenda, maana Mudie hakununua nakala mbili tatu. Alinunua mamia, na kwa vitabu vikubwa maelfu. Oda yake pekee iliweza kurudisha gharama za kuchapa.

Lakini mwenye kununua mamia ndiye huyohuyo mwenye kukataa. Maktaba yake aliiita Mudie's Select Library. Naam, “Select”, neno lilelile. Alichokiona hakifai kwa familia za heshima hakukisambaza. Mwaka 1883 George Moore, kijana kutoka Ireland, alitoa riwaya yake ya kwanza, A Modern Lover, na Mudie akaibania. Moore hakufungwa wala kitabu hakikupigwa marufuku na serikali. Kilikosa mlango tu, basi. Kitabu chake kilichofuata, A Mummer's Wife, mchapishaji Henry Vizetelly alikitoa mwaka 1885 kwa juzuu moja, bei shilingi sita, ili mtu aweze kununua mwenyewe bila kupitia maktaba. Mwaka huohuo Moore akaandika kijitabu cha kuwashambulia wenye maktaba.

Ungetarajia niseme waandishi walishinda. Hapana. Mfumo wa juzuu tatu uliuawa mwaka 1894 na maktaba zenyewe. Mudie's na W.H. Smith walitangaza kwamba hawatalipa tena zaidi ya shilingi nne kwa kila juzuu, kwa sababu mahesabu yao yalikuwa yamebadilika. Katika miaka michache tu, umbo la riwaya ambalo waandishi wa Uingereza walilitumikia kwa miongo mingi likatoweka. Hakuna aliyewauliza waandishi.

Hapo nikaanza kuielewa Amazon vizuri zaidi.

Kindle ya kwanza iliingia sokoni Novemba 2007 kwa dola 399. Pamoja nayo ulifunguliwa mfumo ambao mtu yeyote angeweza kupandisha kitabu chake bila kumwomba mhariri. Mwanzoni mwandishi alipata asilimia 35 ya bei. Kisha, tarehe 20 Januari 2010, Amazon ikatangaza kwamba vitabu vya bei kati ya dola 2.99 na 9.99 vitaweza kulipwa asilimia 70. Ukarimu wa ajabu, siyo? Ila angalia kalenda. Siku saba baadaye, tarehe 27 Januari, Apple ilionyesha iPad na duka lake la vitabu, ambalo nalo liliwaachia wachapishaji asilimia 70. Duka linapokuwa na mshindani mlangoni, mwandishi hula vizuri.

Mwaka huohuo wa 2010, Amanda Hocking wa Austin, Minnesota, msichana aliyekuwa akifanya kazi ya kuwahudumia watu wenye ulemavu, alipandisha riwaya ambazo wachapishaji walikuwa wamezikataa. Alitaka dola 300 tu, nauli na malazi ya kwenda Chicago kuona maonyesho ya vikaragosi vya Muppets. Mwaka uliofuata alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja. Hadithi hii inapendwa sana na sisi tunaojichapishia, ila mara nyingi tunaikatisha hapo. Machi 2011 Hocking alisaini na St. Martin's Press, kampuni ya vitabu ya kawaida kabisa, kwa zaidi ya dola milioni mbili. Alieleza kwamba alichoka kushughulika na barua pepe, majalada na uhariri, na kwamba kuna wasomaji waliokuwa wakimtafuta madukani wasimpate. Yeye mwenyewe aliona kwamba njia moja haitoshi.

KDP Select ilikuja Desemba 2011. Julai 2014 ikafuata Kindle Unlimited, dola 9.99 kwa mwezi. Mwandishi alilipwa kila msomaji alipopita asilimia 10 ya kitabu. Kwa hiyo kijitabu cha kurasa 20 na riwaya ya kurasa 400 vililipwa sawa, na wapo walioanza kukatakata riwaya zao vipandevipande. Desemba 2014 mwandishi wa riwaya za mapenzi, H.M. Ward, aliliambia gazeti la The New York Times kwamba baada ya miezi miwili kwenye mpango huo kipato chake kilishuka kwa asilimia 75. Akatoka. Julai 2015 kanuni ikageuka tena: sasa malipo ni kwa kila ukurasa uliosomwa. Waliokuwa wamejipanga kwa vijitabu vifupi wakaachwa njiani. Ukurasa mmoja hulipwa karibu nusu senti ya dola, na kiwango kamili hutangazwa baada ya mwezi kwisha. Yaani unafanya kazi Machi, unaambiwa Aprili bei yake ilikuwa ngapi.

Sisemi Amazon ni adui. Bila mfumo huo Hocking asingesomwa, na mimi nisingekuwa na fomu ya kuogopa. Ninachosema ni kwamba asilimia 70 ya 2010 na kurasa za 2015 zilitoka kwenye daftari moja la mahesabu, kama shilingi nne za 1894. Daftari hilo si la mwandishi. Anayelitegemea peke yake anapanga ada ya watoto kwa mahesabu ya mtu asiyemjua.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya huko mbali. David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwaka 1972 akajichapishia vitabu vilivyouzwa kama maandazi ya asubuhi, My Dear Bottle na After 4.30 vikiwemo. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Uamuzi mmoja, na soko la nchi nzima likafungwa. Hata hivyo Maillu aliendelea kuandika na kuchapisha kwa miongo mingi, maana jina lake lilishakaa kwa wasomaji, halikukaa kwenye kaunta moja.

Jana usiku nilirudi kwenye ile fomu. Nimepandisha kitabu, kisanduku nimekiacha wazi. Huenda nimejinyima senti, sijui. Rafiki yangu mmoja anayeandika hadithi za mapenzi kwa Kiingereza aliweka tiki na hajuti, kwa sababu wasomaji wake wote wako humohumo. Wangu hawako humo. Wako WhatsApp, wako kwenye makundi ya vitabu, wengine wanataka nakala ya karatasi waliyoilipia kwa simu. Nimenunua daftari la kurasa mia moja pale stesheneri, na kila anayeagiza naandika jina lake na namba yake. Mpaka leo asubuhi wamefika thelathini na wanane. Ni wachache, lakini siku duka lolote likibadili kanuni, hao ninaweza kuwapigia mwenyewe.